Yule Mama Anayekula Kwenye Telefone

Kasongo, 24/2/2024

Mudogo wangu Kamaldine,

Asalam aleikum, wewe na Consolée bibi yako, na watoto wote wa madrasa wanaokupigia kelele hapo Wamaza. Mimi niko, alhamdulillahi. Soko inatembea kidogo kidogo. Vitenge vya Ramadhani vimeanza kuulizwa: wanawake wanashika, wanakunjua, wanarudisha, wanasema watarudi kesho. Mutoto wangu wa Kindu anakusalimia. Ndiye alinitumia telefone kubwa ya picha mwaka jana, wewe ukasema itaniharibia macho. Macho yangu iko mazima.

Ningekupigia, lakini rezo ya telefone yako inapatikana juu ya mulima tu, na ninajua wewe hupandi mulima kwa ajili ya mutu. Ndiyo maana ninaandika, Zacharie mwenye pikipiki atakuletea.

Nina swali la dini, juu wewe ndiye mwalimu katika familia. Si langu. Ni la rafiki yangu mumoja wa soko. Huyo rafiki anapenda kuangalia watu wanaokula kwenye telefone. Wanajipiga picha wakikula, na watu wanaangalia, basi. Anataka kujua: mchana wa Ramadhani, umefunga, ukiangalia mutu anakula kwenye telefone, saumu inaharibika? Na mate yakijaa mudomoni, ukayameza? Na kama umevaa ekuter masikioni, unasikia mpaka mifupa inavunjika? Jibu mbio, mwezi unakuja.

Zacharie akirudi umupe bidon ya mawese, na karanga za kukaanga. Zile za mwezi jana zimekwisha. Na usiniulize kama nitakuja kwa Id, sijui bado.

Ni mimi dada yako,
Soraya


Wamaza, 19/3/2024

Yaya Soraya,

Aleikum salaam, dada yangu mukubwa. Barua yako imetukuta tumeshaanza kufunga. Zacharie anasema maji yalibeba daraja, akalala njiani, na pikipiki yake ilivushwa na watu mabegani kama sultani. Sisi tuko wazima. Mupunga umesimama vizuri shambani, ndege ndio wanatutesa. Consolée anakusalimia. Mwezi huu ananipikia futari kuliko hata wanawake wa Kiislamu, halafu Jumapili anaenda misa na kumuomba Mungu anipunguzie madai.

Nimesoma swali lako mara mbili, nikamusomea. Alicheka mpaka akaketi chini. Anauliza: huyo mutu anakula, wengine wanaangalia tu, na hakuna anayemupiga?

Jibu ni hili. Kinachoharibu saumu ni kile kinachopita kooni, na picha haipiti kooni. Mate ni yake mwenyewe, ameze bila wasiwasi. Lakini umuambie rafiki yako: mutu anayefunga halafu anakaa mbele ya kuku wa picha toka asubuhi, huyo amefunga tumbo tu, roho yake iko jikoni.

Unakumbuka mama? Jirani akikula, sisi tukisimama kumuangalia mudomo, alikuwa anatuvuta sikio: toa macho kwenye sahani ya watu! Na jirani naye, akituona, lazima aseme karibu, hata kama kimebaki kichwa cha samaki. Sasa huyo wa kwenye telefone anaonwa na inchi nzima. Anawaambia karibu?

Nami nina swali, si la dini. Bidon iliyopita ilikuwa kubwa, na nyumba yako ina mutu mumoja. Unakaangia nani? Au siku hizi unakula na Laetitia? Kama ni hivyo nimefurahi, umusalimie. Marehemu shemeji Feruzi aliwaacha ninyi bibi wake wawili kwenye uwanja mumoja, mlango unaangalia mlango. Sipendi kusikia kwamba kila mutu anawasha moto wake.

Ninatuma mawese na karanga. Rafiki yako anaitwa nani?

Mudogo wako,
Kamaldine


Kasongo, 21/4/2024

Kamaldine mudogo wangu,

Id mubarak iliyochelewa. Barua yako imefika nguo mupya zimeshafuliwa. Rafiki yangu alishaamua mwenyewe, aliangalia mwezi muzima. Nimemupa jibu lako, amefurahi.

Hapa habari ni nzuri. Niliuza, wallahi, hata kile kitenge cha rangi ya chungwa kilichonilalia mwaka muzima kimeondoka. Mutoto wa Kindu amepata kazi ya kudumu. Mvua ilipasua kona ya nyumba, fundi ameziba.

Unataka jina. Anaitwa Pélagie, anauza chumvi na sabuni nyuma ya meza yangu. Umeridhika?

Na umuambie Consolée aache kucheka vitu asivyovijua. Yule mama anayekula si mutu wa fujo. Sijui ni wa inchi gani, ngozi ni yetu, luga si yetu. Ananawa, anapanga sahani mbele yake: kuku muzima, samaki, mayai, na mchuzi mwekundu wenye mafuta yanayong'aa. Anakukazia macho, anacheka kidogo, halafu anaanza. Unasikia ngozi ya kuku, kra, kra. Hana haraka. Hana mutoto anayelia, hana muteja anayemuita. Na wewe unachukua tonge lako wakati mumoja na yeye. Akishusha mukono unashusha, akipandisha unapandisha. Akigusa nyama nawe unatafuta nyama, kama huna unatuma mutu akununulie mikate ya mafuta hapo barabarani. Akimaliza sahani unaangalia yako, kumbe nawe umemaliza zamani, hujui saa ngapi. Na video nyingine imeshaanza yenyewe, basi unaongeza bukari ya muhogo, unamega tena. Ndivyo Pélagie alivyonieleza.

Mimi niko muzima. Miguu tu ni mizito, na joto la mwaka huu linaleta kiu, ninakunywa maji mpaka ninachoka kwenda choo. Nguo zangu nimezipeleka kwa fundi cherehani aongeze kitambaa pembeni. Vitambaa vya siku hizi ukifua vinarudi vidogo.

Mawese tena, tafadhali. Na usitume mutu kuja kunitembelea, nyumba bado iko na vumbi la fundi.

Soraya


Wamaza, 12/5/2024

Yaya wangu,

Salamu zako zimetufikia, nazo zetu uzipokee. Tumevuna mupunga, ndege wametuachia wa kutosha. Kijana mumoja wa madrasa ameitika jina la mwenzake tangu Februari na mimi sikugundua, Consolée ananicheka mpaka leo.

Juma lililopita tulipata mugeni. Mama mumoja wa Kasongo anayepeleka bidhaa kwa wachimba zahabu, giza likamukutia Wamaza, akaomba kulala kwetu juu anakufahamu. Anauza chumvi na sabuni. Jina lake Pélagie.

Nikamuambia: karibu mama, ninasikia wewe na yule mama anayekula kwenye telefone hamuachani. Yaya, aliniangalia kama mutu mwenye homa. Akatoa telefone yake: ndogo, ya kubonyeza, imefungwa na lastiki ili betri isianguke. Halafu akaelewa. Alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema: "Mwalimu, huyo ni dada yako. Saa sita anafunika meza yake, anakimbia nyumbani kula na telefone. Zamani tulikuwa tunakula naye hapo hapo sokoni, sasa hataki."

Sikukasirika, Yaya. Tangu barua ya kwanza nilikuwa na mashaka, na ile ya pili, ginsi ulivyoeleza ngozi ya kuku, hakuna mutu anayeeleza hivyo kitu cha kusikia.

Lakini sasa nisikilize, na ukitaka kukasirika, ukasirike. Miguu mizito. Kiu. Choo kila mara. Nguo hazitoshi. Mama yake Consolée alianza hivyo hivyo, na yeye akasema ni joto. Ilikuwa sukari, na siku alipokubali kupimwa kidonda cha muguu kilikuwa kimeshaoza. Unamukumbuka, ulikuja kwenye matanga yake. Nenda kwenye kituo cha afya wakupime. Mimi sina dada mwingine. Ninaogopa, na ninaandika neno hilo wazi ili usiseme hukuliona: ninaogopa.

Mpaka upimwe, mawese sitatuma.

Na salamu za Laetitia hujanijibu, hii ni mara ya pili.

Kamaldine


Kasongo, 26/5/2024

Kamaldine,

Pélagie ana mudomo mukubwa kuliko soko. Bidon yako tupu hii hapa, umujazie bibi yako. Mimi sina ugonjwa. Laetitia iko kwake, nami niko kwangu.

Soraya


Wamaza, 16/6/2024

Yaya wangu muheshimiwa,

Barua yako imefika bila salamu, Zacharie lazima aliiangusha njiani. Si kitu, nitasalimia mara mbili, mara moja kwa ajili yangu na mara moja kwa ajili yako. Asalam aleikum, Kamaldine, hujambo? Aleikum salaam, Yaya, sijambo. Consolée iko? Iko, leo asubuhi amegombana na mbuzi wa jirani, na mbuzi ameshinda.

Sikuulizi kitu. Ninakutumia mupunga mupya, kidogo, wa kuonja tu. Bidon tumeibakiza, Consolée anachotea maji.

Ukiendelea kunyamaza nitaendelea kuandika. Karatasi ninazo.

Kamaldine


Kasongo, 18/8/2024

Mudogo wangu Kamaldine, musumbufu wangu,

Asalam aleikum. Umeona, leo ninasalimia. Barua zako zote nimezisoma, na ile uliyojisalimia mwenyewe niliisoma mbele ya wateja, nikacheka, wakafikiri nimepandwa na kitu. Hapa ni kiangazi kikali, vumbi linaingia mpaka kwenye vitenge vilivyofungwa. Mutoto wa Kindu ametangaza uchumba. Nitakuambia yote, lakini acha kwanza nikuambie hili.

Nimepimwa. Ni sukari. Ulisema kweli, na usifurahi. Infirmier aliyenipima ni kijana mupole, anasema haijaenda mbali, muguu uko muzima, nimewahi. Amenipa dawa, ameniambia nitembee, nipunguze bukari na mafuta, soda niiache kabisa. Aliniuliza kwa siku ninakula nini. Nikaanza kumutajia, akafika mahali akaacha kuandika.

Sasa nikueleze ginsi nilivyofika pale, juu si wewe uliyenipeleka, usijivune. Siku moja mchana nimeketi na sahani yangu, telefone imeegemea kopo la maziwa. Yule mama ameshika paja la kuku. Na mimi kila siku, kabla ya tonge la kwanza, ninamuambia karibu. Usicheke! Mutu akikuona unakula unamuambia karibu, ndivyo tulivyolelewa, na yeye ananikazia macho, nitanyamazaje? Siku hiyo nimesema karibu, na forfait ya telefone ikaisha. Picha ikasimama. Mudomo wake wazi, kuku mukononi, haendi mbele wala nyuma. Nikakumbuka ulivyouliza kama anawaambia watu karibu.

Kamaldine, tangu mwaka jana ninamukaribisha, yeye hajanikaribisha hata siku moja. Hanioni! Nikaangalia sahani yangu kama ni ya mutu mwingine. Majani ya sombe yanaelea kwenye mafuta, bukari ya familia nzima, mikate pembeni, soda. Tumbo lilikuwa limejaa tangu zamani na mimi sikujua, nilikuwa ninamufuata yule mama. Nililia, wallahi, mukono bado uko kwenye bukari.

Hujawahi kuniuliza wazi tulifanyana nini na Laetitia. Hatukufanyana kitu, ndiyo aibu yangu. Feruzi alipokuwa hai, Ijumaa tulikula wote sinia moja. Matanga yalipoisha, nilimuona Laetitia anabeba sufuria yake, nami nikabeba yangu. Mimi bibi mukubwa nilitaka yeye aanze kunikaribisha. Yeye bibi mudogo aliogopa kuanza. Miaka miwili hivyo, tunasalimiana asubuhi kama watu wa foleni, halafu kila mutu anafunga pazia lake na kula. Na mimi huku ninamukaribisha mutu wa telefone!

Basi nikasimama na sahani yangu, nikavuka uwanja. Sikupiga hodi, juu ningepiga hodi ningerudi. Nikasukuma pazia. Laetitia iko kwenye mukeka, sahani mbele yake, mulima wa wali na samaki wa kukaanga, na telefone imeegemea termos. Na kwenye telefone, paja la kuku mukononi, ni yule mama! Yule yule! Forfait yake haikuwa imeisha.

Alitaka kuficha. Nikamuambia: acha, ongeza sauti, yangu imekatika. Kicheko kilichotutoka hapo, majirani walikuja kuuliza ni mugeni gani amefika. Laetitia akazima telefone, akasogea pembeni ya mukeka, akasema: karibu, Yaya. Tukaweka sahani mbili pamoja, na hatukumaliza hata moja. Tulikuwa tunaongea.

Ni yeye aliyenipeleka kupimwa kesho yake, amenishika mukono kama mutu anayepeleka mwizi. Naye wamemupima. Yake ni tension ya damu, imepanda kidogo, naye amepewa masharti. Anakusalimia. Umeona, nimejibu.

Dada yako,
Soraya


Wamaza, 8/9/2024

Yaya Soraya,

Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Barua yako niliisomea uwanjani kwa madrasa, nikafika kwenye neno nimepimwa, nikashindwa kusoma. Watoto walifikiri nimepata musiba, wakaanza kunifariji kwa kelele zao, na mimi machozi yalikuwa ya furaha. Niliwarudisha nyumbani mapema. Sasa wanaomba nipate barua kila siku.

Consolée anasema nikupe hongera ya uchumba, na anasema pia kwamba yule mama wa telefone angekuwa jirani yake hapa Wamaza, angemupelekea maji ya kunawa na kumuuliza ndugu zake wako wapi. Nami nimefikiri hivyo. Labda naye hana wa kula naye.

Yaya, ninakuamini. Lakini wewe uliyeniletea Pélagie mwenye telefone ya picha, utanisamehe nikiomba ushahidi. Mukipima tena, Laetitia aandike matokeo kwa mukono wake mwenyewe.

Ninatuma samaki waliokaushwa na dengu. Mawese nimetia chupa ndogo, ya kupikia wawili.

Kamaldine


Kasongo, 20/10/2024

Kamaldine wangu, mwalimu asiyeamini watu,

Tumepokea yote, na tumegombana juu yake yote. Yeye anataka samaki na nyanya, mimi ninataka samaki na karanga kidogo. Tunawasha moto mumoja, na kila siku kuna mateto ya chumvi, juu tension inataka chumvi kidogo na mimi ndiye muonjaji. Mchana ninakula sokoni na Pélagie. Nilimuomba msamaha kwa kumuazima jina, akasema nimulipe sabuni. Jioni ninatembea kwa miguu mpaka nyumbani, watu wa pikipiki wananiita, sipandi. Miguu imekuwa myepesi. Kwenda choo ninaenda kama watu wengine.

Ukweli wote: Ijumaa tunamuangalia yule mama kidogo, sahani zikishaoshwa. Mbele ya chakula hapana. Laetitia anasema amenenepa na anaonekana amechoka. Tunamuonea huruma, kisha tunazima.

Arusi ya mutoto ni Desemba, utakuja, daraja limetengenezwa. Ushahidi wako uko hapa chini.

Soraya

Shemeji Kamaldine, ni mimi Laetitia. Yaya ameniachia nafasi hii ndogo, na ameketi hapa anaangalia kalamu. Sukari imeshuka, ni kweli, nilisimama hapo wakipima. Dawa anakunywa. Mafuta amepunguza. Karanga anaiba.

Mimi nilipobaki peke yangu nilikuwa ninakula mpaka ninaumwa, shemeji, na asubuhi hakuna mutu wa kuniuliza una nini. Jana tulikuwa na wageni, nikataka kuongeza samaki wa chumvi. Yaya alininyang'anya sahani mbele ya watu wote, akasema anataka nizeeke naye. Nilitoka nje, nikalia kwa furaha. Halafu nilirudi kumuomba kipande kimoja tu, akaninyima.